Khukuri yenye ala ya nakshi: anza na bapa

Ndugu, umeuliza kama nakshi nzuri kwenye ala ni dalili kwamba khukuri, kile kisu kilichopinda cha Nepal, ni ya zamani. Hapana. Ala ya kawaida ya Nepal ni vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa na kuvikwa ngozi ya nyati. Zile za mbao tupu zilizochongwa maua na miungu, nyingi ni za mapambo au za kuuzia watalii. Hakuna ubaya, mradi usilipe bei ya kitu cha kale.

Chomoa kisu ukikague. Fundi hasa humimina maji ya birika kwenye makali yakiwa ya moto, hivyo makali huwa magumu na mgongo hubaki laini kiasi. Pitisha tupa taratibu: mgongoni itakula, kwenye makali itateleza. Ikila kote sawasawa, hicho ni cha kutundika ukutani tu. Angalia pia vifaa viwili vidogo, karda (kisu kidogo) na chakmak (chuma butu cha kunolea), kama vinakaa vizuri kwenye nafasi zao kwenye ala.

Na tafadhali, ukichomoa usizungushe vidole kwenye ala upande wa makali. Maungio ya ala yakiachia, utajikata vibaya.