Mlima wa Ipogolo kabla ya chai: ukweli wote kuhusu kilo 15 nilizopunguza

Kamwene wapendwa.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Njombe alinitumia ujumbe mrefu. Kwa ruhusa yake naweka kipande tu: "Dada, hii ni wiki ya tano naamka saa 11 alfajiri nakimbia bila kutia kitu mdomoni, kama unavyosemaga. Baridi ya huku unaijua. Jana nimepanda mizani nimekuta nimeongezeka kilo moja na nusu. Nimelia. Kwani mwenzangu ulifanyaje?"

Niliusoma nikiwa dukani, mteja amesimama mbele yangu anasubiri chenji, nikashindwa hata kuhesabu. Mimi nilipita palepale alipo yeye. Na nikikagua picha nilizowawekea humu mwaka mzima, kila moja nimeandika "asubuhi kabla ya chai", kana kwamba hiyo ndiyo dawa yenyewe. Nisameheni. Leo nasimulia yote, hata niliyokuwa nayaficha.

Niliyoficha zaidi ni habari ya gauni.

Aprili mwaka jana tulikuwa na sendofu ya binti wa ukweni. Akina mama tulichagua kitenge kimoja, cha kijani chenye maua ya njano, kila mtu akashone kwa fundi wake. Fundi wangu alinipima Februari. Sherehe ikasogezwa mbele, na siku nilipokwenda kuchukua gauni, zipu iligoma katikati ya mgongo. Akavuta, nikabana pumzi, ikagoma. Kitenge kile kilikuwa kimeshaisha dukani. Basi akafumua pembeni, kuanzia kwapani hadi kiunoni, akaingiza kitambaa cheusi upana wa vidole vinne kila upande. Alikishona vizuri, sina la kumlaumu. Nikamlipa, nikavaa.

Ukumbini wifi yangu alinizunguka mara moja, akanishika kwapani kwa vidole viwili mbele ya meza nzima, akaniuliza, "Wifi, hiki cheusi ni urembo au ni nyongeza?"

Meza ikacheka. Nami nikacheka nao. Nilikaa mpaka keki ikakatwa, nikala kila kilicholetwa, na usiku ule sikupata usingizi. Zaidi ya mwaka umepita, lakini nikivikumbuka vile vidole bado nasikia joto usoni. Najua wengi mnaosoma hapa kila mmoja ana gauni lake.

Nilikuwa na kilo 89. Nilianza Jumatatu ya kwanza ya Juni, na anayeijua Iringa anajua Juni ni nini: ukimwamkia mtu, mvuke unatangulia mdomoni kabla ya shikamoo. Ninakaa Ipogolo, bondeni, jirani na Mto Ruaha Mdogo, na mji wenyewe uko juu kwenye mwinuko. Kila siku daladala ilikuwa inanipandisha kwenda dukani. Nikasema mlima huuhuu nitaupanda kwa miguu. Saa 11:30 nipo barabarani na jirani yangu, mama mtu mzima aliyenizidi miaka kumi na pumzi. Tunapanda hadi majengo ya mjini yanapoanza, tunageuka, tunashuka. Dakika 50, siku sita kwa wiki, tumbo tupu.

Tumbo tupu nililipata kwenye simu. Kijana mmoja mwenye kifua kipana alikuwa anafundisha kwamba ukifanya mazoezi kabla ya kula, mwili unachoma mafuta moja kwa moja. Nikamwamini kama ninavyoamini katekisimu.

Wiki sita nilipanda ule mlima. Nilichubuka visigino, nikakohoa, siku moja mvua ya manyunyu ikatukuta tukaendelea tu. Wiki ya sita nikaenda kupima. Kilo 91.

Jirani yangu alikuwa amepungua tatu.

Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani nikaziweka raba chini ya kitanda, na kwa siku nne sikutoka. Siku ya tano ndipo nilipofanya kitu ambacho kwa mtu wa biashara kilipaswa kuwa cha kwanza. Nilichukua daftari la madeni la dukani, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika kila kilichoingia mdomoni mwangu. Kila kitu, hata mkate aliouacha mtoto. Dukani siwezi kujua kama nimepata faida kwa kuangalia mauzo tu bila kuandika matumizi, sasa kwa nini mwilini nilikuwa naandika mauzo peke yake?

Ukurasa wa kwanza ninao mpaka leo. Asubuhi, baada ya mlima: chapati tatu, chai ya maziwa vikombe viwili, sukari vijiko vitatu kila kikombe. Nimeandika kwa mwandiko mkubwa, maana siku hiyo niliona nimestahili. Nimetoka kupanda mlima, jamani! Saa 4, maandazi mawili. Mchana, ugali na nyama, na soda. Jioni, kikombe kikubwa cha ulanzi mtogwa kwa jirani, yaani utomvu wa mianzi ambao bado haujachacha sana, ule mtamu ambao hata sisi tusiokunywa pombe tunajiambia si pombe. Usiku, wali.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu hapa ndipo dada wa Njombe alipokwama. Kwa mwili niliokuwa nao, dakika 50 za mlima ule zilikuwa zinachoma kilokalori 250, labda 300. Chapati moja nene iliyokaangwa vizuri inazirudisha hizo peke yake. Nilikuwa nazirudisha kwa chapati ya kwanza, halafu nakula mbili za ziada. Sukari nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, ikiwezekana, isizidi kama vijiko sita vya chai kwa siku, soda na asali vikiwemo humo humo. Mimi vijiko sita nilikuwa nimevimaliza kabla ya saa 2 asubuhi, nikiwa sijafungua hata duka.

Yule kijana wa kwenye simu hakusema uongo. Ukilala usiku kucha bila kula, insulini, ile homoni inayosimamia sukari mwilini, inashuka na akiba ya sukari kwenye ini inapungua, kwa hiyo alfajiri misuli inategemea mafuta zaidi kuliko kama ungetembea umeshiba. Ila alisema nusu. Mwili haufungi hesabu saa 1 asubuhi. Unafunga hesabu ya siku nzima, na ya wiki nzima. Mafuta uliyoyatumia mlimani unayarudisha mezani, na mwili hauna kumbukumbu kwamba uliyatumia ukiwa na njaa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwachukua wasichana 20, wote wakapangiwa chakula cha kupunguza uzito, wote wakafanya mazoezi ya saa moja siku tatu kwa wiki kwa wiki nne. Nusu walifanya kabla ya kula, nusu baada ya kula. Makundi yote mawili yalipungua, na hakuna lililolishinda jingine kwa tofauti ya maana. Utafiti mdogo na wa muda mfupi, kweli, lakini niliposoma habari yake nilitulia, kwa sababu ulisema kile kile kilichosemwa na daftari langu la madeni.

Basi kwa nini bado natoka kabla ya chai? Kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu anayeidai. Saa 1 nina watoto wa shule. Saa 2 nina duka. Jioni nina jiko, wageni, kikao cha jumuiya, msiba, na baba watoto anayeuliza soksi. Nilijaribu jioni wiki mbili, nikatoka mara moja tu. Alfajiri ni yangu. Mama mwenzangu, sisi tunajua ratiba ya kila mtu ndani ya nyumba, tunajua nani ana mtihani na nani ana mafua, lakini ukiulizwa saa yako wewe ni ipi, unanyamaza. Itafute hiyo saa. Kama ni ya usiku, iwe ya usiku. Usiichukue yangu kwa sababu tu umeiona kwenye picha.

Baada ya daftari nilibadilisha vitu vichache. Chapati ikawa ya Jumapili. Nikirudi mlimani nakunywa maji kwanza, naoga, ndipo nakula: yai la kuchemsha au maharage yaliyobaki jana, nusu parachichi, kiazi kitamu kimoja, na chai ya rangi yenye tangawizi bila sukari. Wiki mbili za kwanza chai ile ilikuwa adhabu. Ugali nikauhamishia kwenye sahani ndogo ya bati ya mtoto, mboga za majani zikapanda juu, mnafu na majani ya maboga kwa wingi. Soda niliacha. Mtogwa niliacha, na hilo lilinigharimu urafiki kidogo, maana kukataa kikombe kwa jirani si jambo jepesi huku kwetu.

Miezi iliyofuata sina cha kusimulia. Nilitembea, nikala, nikaandika. Kilo ilikuwa inaondoka moja, inakaa, inarudi nusu, inaondoka tena. Pimeni mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, baada ya haja. Ukipima kila siku utachanganyikiwa, kwa sababu maji ya mwilini peke yake yanaweza kukupandisha kilo nzima na kukushusha. Na andikeni mnachokula. Nasema tena, andikeni.

Siku moja tu nataka niisimulie, maana ilinitisha. Ilikuwa Oktoba, nilikuwa nimeshanogewa na kupungua, nikaona nikiacha na chakula cha usiku nitafika haraka. Nililala bila kula, asubuhi nikataka kuupanda mlima kwa kukimbia, peke yangu, jirani alikuwa amesafiri. Nilipofika kwenye kona, jasho la baridi likanitoka, mikono ikaanza kutetemeka, barabara ikawa inapanda na kushuka mbele ya macho. Nikakaa kwenye ukingo wa kalavati. Lori likapita, taa zikanimulika, sikuweza hata kunyanyua mkono.

Kijana wa bodaboda akasimama. "Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Sijui."

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa kipaketi cha karanga za sukari na chupa ya maji iliyokwisha nusu. "Kula mama, taratibu." Akasimama pale mpaka nikamaliza, akanishusha hadi mlangoni, akakataa hela. Sijui jina lake. Kila nikiona bodaboda yenye koti la kijivu pale kijiweni naangalia kama ni yeye.

Kwa hiyo naomba mnisikilize. Kutembea kabla ya chai ni kwa mtu aliyekula usiku wake vizuri, aliyelala, na ambaye hana ugonjwa wa kumzuia. Ukiona kizunguzungu, jasho baridi au kutetemeka, acha hapo hapo, kaa, kula kitu chenye sukari. Usikimbie mlima siku ya kwanza. Usitoke peke yako gizani, na vaa kitu cheupe, madereva wa alfajiri wana usingizi. Shirika hilohilo la Afya linasema dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki zinatosha kwa mtu mzima kuanza kuona faida, hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Nusu saa, jamani. Tunakaa nusu saa kwenye simu kusoma habari za watu waliopungua.

Mwezi uliopita nilipima kilo 74. Nililipeleka lile gauni kwa fundi, akafumua vipande vyeusi vyote viwili, akafunga pembeni, na bado akapunguza kiunoni. Nililivaa Pasaka, Jumamosi yake nikapanda nalo jiwe la Gangilonga na watoto kupiga picha, mji wote upo chini yako, na ile picha mmeiona.

Dada wa Njombe, nimekujibu faraghani, ila narudia: usiongeze mbio. Wiki hii andika tu unachokula kuanzia unapovua raba mpaka saa 5 asubuhi, kisha nitumie ukurasa.

Na kuna ujumbe mwingine. Wifi aliniandikia siku tisa zilizopita. Kliniki wamemkuta na sukari, ameanzishiwa vidonge, daktari amemwambia atembee. Anauliza natoka saa ngapi. Siku tisa nimekuwa nafungua ule ujumbe na kuufunga. Leo nimemjibu: "Wifi, saa 11:30, pale darajani Ipogolo. Njoo na koti. Ila wewe usije tumbo tupu, vidonge vya sukari na njaa vinaweza kukuangusha njiani. Muulize daktari wako kwanza, upime kabla ya kutoka, unywe kikombe cha uji. Na pipi weka mfukoni."

Amejibu neno moja, asante. Nimeshaandaa raba zangu mlangoni.