Maswali ya madaktari wanagenzi: usijiandikie dawa

*Nimo wodi ya Korona, zamu za usiku, mchana silali. Diazepam kidogo, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ina ubaya?*

Inao, na hili ni swali la nne la aina hiyo mwezi huu. Diazepam hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo utakokotoa dozi za watoto ukiwa na kichwa kizito. Baada ya wiki chache mwili umeizoea. Ukiiacha ghafla, mikono inatetemeka na hata ule usingizi kidogo unakimbia. Kahawa ya mwisho unywe angalau saa sita kabla ya kulala. Asubuhi vaa miwani ya jua njiani, dirishani tundika leso nzito. Kabla ya zamu lala dakika 20 au 90. Ukilala 45 utaamka hoi zaidi.

*Nitajuaje kama ni uchovu au sonona?*

Si uliifanyia mtihani PHQ-9, ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona? Ijaze, sasa kwa ajili yako: wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Ukifikisha 10, muone daktari, na asiwe rafiki yako wa darasani. Swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, likizidi sifuri, jumla haina maana tena. Mwambie mtu leo, mpe mwenzako funguo za kabati la dawa, usilale peke yako, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

*Nameza fluoxetine, dawa ya sonona, siku ya nane, sioni kitu.*

Huchukua wiki nne hadi sita. Endelea.

*Konsaltanti, daktari bingwa wetu, anasema enzi zao walikesha saa 36 na hawakufa.*

Wagonjwa wao je? Aliyekesha saa 17 hukosea kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Saa 24, kama mwenye 0.10. Mlevi hapewi sindano ashone mtu. Andikeni tarehe, saa za zamu na barakoa zilizokosekana, kisha mpeleke barua kwa pamoja, nakala kwa chama cha madaktari. Ukienda peke yako, kumbuka unayemlalamikia ndiye anayetia sahihi kitabu chako cha mafunzo. Mgomo wa madaktari wa Desemba 2020 ulidai bima na vifaa vya kujikinga, na sawa kabisa. Usingizi nao uwekwe kwenye madai.

*Nikitibiwa, wenzangu si watajua?*

Watajua ukitibiwa hapo hapo unapofanya kazi. Nenda hospitali nyingine.

*Vitamini gani inaondoa stresi?*

Hakuna. Na msinitumie tena picha za chupa.