Kichanga mwenye kasoro ya moyo: ni nini kinachoamua kama ataishi?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Tulipata vichanga wawili wenye kasoro za moyo. Mmoja moyo wake ulikuwa na kelele kubwa, na sasa ananenepa tu. Wa pili alizaliwa na kilo 2.1, akalia vizuri, moyo hauna kelele, tukamruhusu kesho yake. Siku ya nne akarudishwa amepoa na kupauka. Hospitalini eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha aorta, mshipa mkuu utokao moyoni, imebana, naye akafariki usiku huo. Ni mambo gani hasa yanayoongeza hatari ya kifo?

JIBU: Dada, kelele isikupoteze. Tundu dogo kati ya ventrikali mbili, vile vyumba vya chini vya moyo, hupiga kelele kwa sababu damu inapenya kwa nguvu mahali pembamba, na mengi ya matundu hayo hujiziba yenyewe. Kasoro zinazoua katika wiki ya kwanza mara nyingi huwa kimya.

Jambo zito kuliko yote ni kama mtoto anategemea daktasi, ule mshipa unaounganisha aorta na ateri ya mapafu tangu tumboni. Baada ya kuzaliwa huanza kujifunga, na kwa wengi waliotimiza miezi huwa umefunga ndani ya siku tatu hivi. Kwa wengine huchelewa kidogo. Mtoto ambaye aorta yake imebana sana, au upande wa kushoto wa moyo haukukua, hupelekewa damu mwilini kupitia hapo. Ukifunga, figo na utumbo hukosa damu, asidi hupanda, mtoto anapoa. Kwa hiyo mlipomruhusu alikuwa mzima kwa macho. Mshipa ulikuwa bado wazi.

Pili ni kuchelewa kutambua. Mtoto anayefika akiwa tayari ameishiwa nguvu na damu ina asidi nyingi ana nafasi ndogo kuliko mwenzake mwenye kasoro ileile aliyegunduliwa mapema. Na huku kwetu mama na mtoto hukaa ndani hadi arubaini, hivyo anayeona dalili kwanza ni bibi au mkunga. Waambieni hao kabla mama hajaondoka: anayeacha ziwa kila mara ili avute pumzi, anayetoka jasho akinyonya, mwenye miguu baridi, arudishwe siku hiyohiyo.

Uzito chini ya kilo 2.5 na unjiti huongeza hatari, kwa kuwa mapafu ni machanga, maambukizi huingia upesi na upasuaji huwa mgumu zaidi. Kasoro nyingine nje ya moyo, au za kromosomu kama trisomia 13 na 18 (kromosomu moja ya ziada), hupunguza matumaini sana. Moyo wenye ventrikali moja tu inayofanya kazi nao ni mgumu kuutibu popote duniani.

Mnachoweza kufanya Likoni ni kipimo cha oksijeni, saa 24 hadi 48 baada ya kuzaliwa, mkono wa kulia na mguu mmoja. Kufika asilimia 95 katika vyote viwili, na tofauti isiyozidi 3, ni salama. Chini ya 90, mpelekeni mara moja. Kati ya hapo, au tofauti ikizidi 3, rudieni baada ya saa moja. Msitegemee macho: kwa ngozi zetu ubluu hujificha, tazameni ulimi na fizi. Lakini aorta iliyobana inaweza kupita kipimo hiki, kwa hiyo guseni kwa vidole mapigo ya kinena ya kila mtoto. Ningechagua vidole hivyo kuliko stethoskopu.

Kichanga aliyepoa siku ya nne wengi humwita mwenye maambukizi ya damu. Anzeni antibiotiki, sawa, lakini moyo ubaki kwenye orodha. Mpeni joto, pimeni sukari, pigieni simu Hospitali ya Rufaa ya Pwani kabla ya kupanda feri, mkiuliza kuhusu prostaglandini, dawa inayoifungua tena daktasi. Inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo akiianza kabla ya kusafirishwa, hata kwenda Nairobi kwa upasuaji, anayemsindikiza awe na ambu, mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, na barakoa ya saizi ya mtoto, na ajue kuitumia.