Kabla hujanunua noti ya zamani, tafuta mkunjo

Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipofunga dirisha la kubadilisha noti za 1985 hadi 2003, tarehe 5 Aprili 2025, simu yangu haipoi. Watu wananitumia picha za noti zilizosahaulika kabatini: "Kaka, hii nitapata ngapi?" Jibu langu halipendezi. Noti iliyochakaa ambayo benki haiipokei tena, wakusanyaji nao hawaitaki, labda iwe adimu kweli.

Sisi wakusanyaji tunalipia hali ya karatasi. Noti ambayo haijawahi kutumika inaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake iliyokunjwa mara moja tu. Ndiyo maana nikipewa noti siangalii mwaka kwanza. Naishika kwenye kingo, naiweka chini ya taa ya mezani, mwanga uipige kwa ubavu, halafu naiinamisha taratibu. Mkunjo wa katikati, hata ukinyooshwa vipi, utaonekana kama mstari hafifu. Kisha nakagua pembe, maana keshia akihesabu pesa kwa mkono huacha vijikunjo pale, na hivyo vinatosha kuishusha noti daraja.

Zilizopigwa pasi ndizo zinazowaponza wengi. Zimenyooka, ila pitisha kidole kwenye picha: ule mkwaruzo wa wino ulioinuka, unaousikia kwenye noti mpya, umelala.

Kampuni za kukagua ubora wa noti, kama PMG, huipa noti alama 1 hadi 70, na kuanzia 60 ndipo noti inahesabika haijatumika. Kutuma huko ni gharama, mimi natuma zile za maana tu. Kwa mfano, shilingi 100 ya kwanza ya Tanzania, ya 1966, iko ya aina mbili: moja nyuma ina mchungaji wa Kimasai pamoja na wanyama, nyingine ina wanyama peke yao. Ya Mmasai ndiyo adimu zaidi, na asiyejua huziuza zote bei moja. (Usimwambie.)

Albamu za plastiki laini ya PVC achana nazo, kwa joto la Dar zitaharibu noti. Tafuta mifuko ya Mylar (plastiki angavu ya polyester), noti moja moja, mbali na ukuta wenye unyevu. Kuosha, hapana kabisa.

Kama unaanza leo, nenda benki asubuhi, mwombe keshia kwa upole noti chache za namba zinazofuatana kutoka kwenye kibunda kipya. Utazipata kwa thamani yake ileile, na siku ukiishiwa unaenda nazo dukani.