Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kijana Yule Alilia?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Likizo iliyopita niliitazama filamu ya Good Will Hunting, nikaguswa sana, ila jambo moja limenikwama. Kijana aliyewashinda washauri kadhaa kwa kejeli analizwaje na kauli moja fupi, kwamba mateso aliyoyapata hayakuwa kosa lake? Nilimwambia maneno kama hayo mwanafunzi wangu ambaye najua hupigwa nyumbani. Alicheka, akaenda zake.
Mwalimu, Tanga

JIBU: Ndugu Mwalimu, kauli ile peke yake isingemliza mtu yeyote, na ndiyo maana imewekwa karibu na mwisho wa filamu.

Kwa ajili ya wasioiona: Will Hunting ni yatima wa Boston Kusini, mfanya usafi katika chuo cha MIT, ambaye hufumbua kwa siri hesabu ngumu zilizoachwa ubaoni. Anapokamatwa kwa kumpiga polisi, Profesa Lambeau, mwalimu wa hesabu wa chuo hicho, anamwombea kwa hakimu, naye anaachiliwa kwa masharti kwamba afanye hesabu na profesa na aonane na mshauri wa kisaikolojia. Anayempokea hatimaye ni Sean Maguire, aliyeigizwa na Robin Williams, ambaye wengi tulimzoea katika vichekesho. Kazi hii ndiyo iliyompa Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 1998.

Kikao chao cha kwanza kinaharibika kabisa, kwa kuwa Will anaubeza mchoro wa Sean hadi anamgusa marehemu mkewe, na Sean anamkaba koo. (Hapo tusimwige, mshauri halisi angefukuzwa kazi.) Kisha, wakiwa kwenye benchi la bustani, Sean anamweleza kwamba hawezi kumjua yatima kwa sababu tu amesoma kitabu kuhusu yatima, na kwamba Will akitaka kujulikana itabidi aseme mwenyewe. Kikao kinachofuata kinapita saa nzima bila neno, na Sean, badala ya kumhimiza, ananyamaza naye. Baadaye ukimya unavunjwa na Will kwa mzaha, Sean anajibu kwa kisa cha mkewe aliyekuwa akijamba usingizini, nao wanacheka hadi machozi. Kwangu, tiba inaanzia hapo.

Profesa Lambeau hana ubaya, ingawa watazamaji wengi humchukia. Anakiona kipaji cha Will upesi kuliko wote, na anakipenda. Kasoro yake ni kwamba amemwona mwanahesabu kabla ya kumwona kijana, kwa hiyo anamtafutia usaili wa kazi wakati Will bado anaogopa hata kupendwa.

Sasa turudi kwenye kilio. Kabla ya kauli ile, Sean, akiwa na jalada la Will mkononi, anakiri kwamba naye alipigwa na baba mlevi, na Will anasimulia jinsi baba mlezi alivyokuwa akimwekea mezani mkanda, fimbo na spana ili achague cha kupigwa nacho. Ndipo Sean anaposema. Itazame tena sehemu hiyo: mara ya kwanza Will anajibu kwa wepesi tu kwamba anajua. Sean anarudia, kijana anakasirika, anamsukuma, na Sean anarudia tena bila kuongeza neno. Kicheko cha mwanafunzi wako kina undugu na jibu lile la kwanza.