Karatasi na penseli kwa msomaji wa upelelezi na vita

Riwaya za upelelezi na vitabu vya historia ya vita huwashinda watu kwa sababu ileile: msomaji hajui tena nani alikuwa wapi, saa ngapi. Karatasi moja ya kualamia ukurasa inatosha kulimaliza tatizo hilo.

Kwenye riwaya, andika jina la kila anayejitokeza, uhusiano wake na marehemu, mahali anapodai alikuwa, na namba ya ukurasa. Tenga alichokiona mwenyewe na alichosimuliwa. Mtego mwingi hufichwa hapo. Mwaka 1929 Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za riwaya hizi. Ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema, na ya nane inamkataza mpelelezi kumficha msomaji dalili. Waandishi wa leo hawajifungi nazo, lakini kwa riwaya za zama zile orodha yako ya sura za mwanzo huwa tayari na jina la muuaji. Riwaya ya namna hii imalize ndani ya siku chache. Ukiilaza wiki mbili, dalili zote zimekutoka.

Historia ya vita inavumilia kulazwa, ila haisomeki bila ramani. Ipige picha kwa simu ili usipekue kurasa kila mara, kisha tazama kipimo na mshale wa kaskazini, maana si lazima kaskazini iwe juu. Katika ramani nyingi za kijeshi, kisanduku chenye mistari miwili iliyopishana ni askari wa miguu, chenye nukta ni mizinga, chenye umbo la yai ni vifaru. Alama zilizo juu ya kisanduku ndizo zinazoonyesha ukubwa: I ni kombania, II batalioni, III rejimenti, X brigedi, XX divisheni. Asiyezijua hizi atadhani kombania ya watu 150 na divisheni ya watu 15,000 ni kitu kimoja.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye hesabu za hasara. Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme huko Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoteza watu 57,470. Waliokufa ni 19,240; waliobaki ni majeruhi, mateka na waliopotea. Kila ukikuta tarakimu kama hiyo, uliza kwanza imejumlisha nani.

Tarehe za Urusi nazo zina mushkeli wake. Pigano la Borodino la 1812, kati ya Napoleon na Warusi, huandikwa Agosti 26 au Septemba 7, kwa kalenda ya zamani iliyotumika Urusi wakati huo au kwa kalenda mpya, na vitabu vingine havisemi vimefuata ipi.

Anayeanza asikimbilie kitabu cha vita nzima. Achukue pigano la siku moja, Waterloo kwa mfano, Juni 18, 1815: uwanja mdogo, majeshi matatu, na mashahidi wasiopatana hata kuhusu saa mizinga ilipoanza kulia. Safu ya "anadai alikuwa wapi" itamfaa hapo pia.