Kubadilisha namba ya poti si kufunga mlango

SWALI: Ofisi yetu ina watu 12 na seva moja ya Windows yenye mafaili ya wateja na ya uhasibu. Tulipoanza kufanyia kazi nyumbani, fundi alifungua poti (mlango wenye namba wa kuingilia mtandao) kwenye ruta ili tuingie kwenye seva moja kwa moja kwa Remote Desktop, yaani kuiendesha seva kwa mbali. Namba ameibadilisha kutoka 3389 akaweka ya kubuni, na anasema hakuna atakayeijua. Nywila zetu ni ndefu. Je, bado tunahitaji VPN? Na kama ndiyo, ipi?

JIBU: Mnaihitaji VPN, yaani njia ya siri ya kuunganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi. Lakini hata kabla ya VPN, poti hiyo ifungwe leo, hata ikibidi watu warudi ofisini siku mbili tatu kufuata mafaili.

Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, na karibu yote yana maneno yale yale: "tumebadilisha namba." Nimechoka kuyasikia. Poti zote ni 65,535, na mashine haichoki kubisha hodi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoweza kupima poti moja kwenye anwani zote za umma za IPv4 (namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti) duniani kwa chini ya dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja tu. Hao ni watafiti wenye adabu zao. Wasio na adabu wana kompyuta nyingi, tena nyingine wameziteka kwa watu.

Poti ikishapatikana, Remote Desktop hujitambulisha yenyewe. Isemeshe kwa lugha yake, itajibu, iwe kwenye 3389 au kwenye mwaka aliozaliwa fundi wenu. Kisha itakuonyesha cheti chake, ambacho kwa kawaida kimeandikwa jina la kompyuta. Niliwahi kuitwa mahali wakaniambia seva yao imefichwa. Cheti chake kilikuwa na kifupisho cha jina la kampuni na neno UHASIBU. Mwizi angetaka aelekezwe vipi zaidi?

Kama huniamini, iulize seva yako. Fungua Event Viewer, nenda Security, chuja namba 4625, yaani majaribio ya kuingia yaliyoshindikana. Sitashangaa ukikuta majina ambayo hapo ofisini hayapo: admin, test, backup, scanner, yanafuatana usiku kucha wakati nyote mmelala.

Nywila ndefu ni jambo jema, ila kuna milango ambayo haiulizi nywila. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la Remote Desktop lililoitwa BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingiza programu zake kwenye Windows za zamani bila kujua nywila yoyote. Lilikuwa zito kiasi kwamba hata Windows XP, iliyoachwa kuhudumiwa tangu 2014, ilipewa kiraka. Na fundi asije akakwambia basi tufungue folda zenyewe kupitia poti 445. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa kupitia huduma hiyo hiyo ya kushirikiana mafaili.

Sasa VPN. Sisemi zile za matangazo zinazokuficha uko nchi gani; hizo hazina uhusiano wowote na seva yenu. Unataka VPN ambayo upande wake mmoja uko ofisini kwenu, kwenye ruta au kwenye kompyuta ndogo pembeni. Kwa ofisi ya watu 12 ningeweka programu ya VPN iitwayo WireGuard. Nayo huhitaji poti, kwa kawaida 51820, na hapo mafundi hunicheka: si yale yale? Si yale yale. WireGuard haimjibu kabisa asiye na ufunguo (msimbo mrefu wa siri uliowekwa kwenye kompyuta), kwa hiyo anayechungulia kutoka nje anakuta kimya. Kila laptopu ipewe ufunguo wake, wala usinakili mmoja kwa watu wote, maana siku laptopu moja ikiibwa utataka kufuta ufunguo mmoja, si 12. Kwenye fayawoli (kizuizi kinachoamua nani apite kwenye mtandao), wanaoingia kwa VPN waruhusiwe kufika kwenye seva ya mafaili peke yake. Printa na kamera haziwahusu.

Jambo dogo litakalowasumbua: kama mtandao wa ofisi unatumia 192.168.1.x, kuna watu ambao ruta zao za nyumbani zinatumia anwani hizo hizo. VPN itaonyesha imeunganishwa, folda haitafunguka, na mtashinda siku nzima mkilaumu intaneti. Ofisi ihamie anwani zisizo za kawaida, tuseme 10.44.7.x, kabla hamjagawa funguo.

Ila nisije nikakuondolea ujinga mmoja nikakupa mwingine. VPN nayo inaweza kuwa mlango wazi. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya zamani ya VPN iliyolindwa kwa nywila tu, bila uthibitisho wa hatua ya pili, kama vile namba inayokuja kwenye simu. Ikawalipa wadukuzi fidia ya takriban dola milioni 4.4. WireGuard haina hatua ya pili ndani yake. Mkiitaka, na kwa mafaili ya wateja ningeitaka, chagueni VPN inayoiunga mkono au iwekeni kwenye kuingia seva. Na kila mtu anapoacha kazi, akaunti na ufunguo wake vifutwe siku hiyo hiyo. Mafundi wa bora liende hufungua tu, kufunga hawakumbuki. Nimefuta akaunti za watu ambao waliobaki ofisini hawajui hata sura zao.

Fundi akisema ameshaifunga poti, usimalizie hapo. Ukifika nyumbani, zima VPN, tumia intaneti ya simu, kisha jaribu kuingia kwa anwani na namba ile ya zamani. Ikikuletea kisanduku cha nywila, mpigie.